Filamu ya kichocho inamwambia nani?

Tulifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili za kichanja cha kuanikia dagaa. Jenereta tukaliweka mbali, nyuma ya kibanda cha mama lishe, lisije likameza sauti. Saa 2 usiku filamu ikaanza: dakika 18 kuhusu kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeingia ziwani, imepigwa hapohapo mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Watu walijaa. Walicheka walipomwona jirani yao kwenye shuka, wakanyamaza kabisa mgonjwa mwenye tumbo lililovimba alipoanza kuzungumza, na daktari aliposema "epukeni kuingia ziwani" wapo waliotikisa kichwa kukubali. Projekta ilipozimwa, mama mmoja mchakataji wa dagaa akasimama.

"Wanangu, tumewasikia. Sasa mnataka tuoge wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema maneno fulani kuhusu kuchemsha maji, watu wakapiga makofi kwa heshima, wakaondoka. Nimetengeneza filamu za namna hii kuzunguka Mwanza kwa miaka kadhaa, na swali la yule mama limenifundisha kuliko semina zote nilizokaa. Kila kilichokuwemo kwenye filamu yetu kilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kwamba tulimpelekea ujumbe mtu asiyeweza kuufanyia kazi.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Tunachokiita filamu ya kampeni, au dokumentari ya uhamasishaji, ni kazi tatu tofauti zinazoitwa kwa jina moja. Ipo ya kufahamisha: mtu hajui, unamwambia. Ipo ya kubadili mazoea: mtu anajua, ila hafanyi. Na ipo ya kushinikiza: mtu anajua na anataka, lakini uwezo uko mikononi mwa mwingine, awe diwani, mkurugenzi wa halmashauri, mwenye kiwanda au waziri, na filamu inabidi imfuate huyo mwingine. Kila kazi ina mtazamaji wake, lugha yake na urefu wake. Maandiko ya miradi huziahidi zote tatu kwa pamoja, na mtengenezaji anayezikubali zote hutoka na filamu ya dakika 18 inayomhubiria mvuvi mambo ya halmashauri.

Mazoea ya kuhubiri yana umri mkubwa. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, makao yakiwa Vugiri, milima ya Usambara. Walizunguka Afrika Mashariki na lori lenye projekta, wakionyesha filamu za kilimo, akiba na magonjwa. Mwanakijiji alikuwa mwanafunzi, lori lilikuwa mwalimu, na hakuna aliyemuuliza mwanakijiji ni kitu gani kinamzuia. Nikiitazama filamu yetu ya kwanza leo naliona lori lile ndani yake.

Lakini tunayo pia historia nyingine, ya kwetu, na nashangaa watu wa fani hii wanavyoipita. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio. Takriban watu wazima milioni 2 walishiriki, wengi wao vijijini. Wanaoikumbuka huitaja redio, lakini redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa vikundi: watu walikaa pamoja kuizunguka redio moja, kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo akiwa na kitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya wiki ile. Kuchimba choo. Kufyeka nyasi. Kufukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa wingi nchi nzima kwa sababu kipindi kilipokwisha watu walikuwa bado wamekaa, na jembe lilikuwa karibu.

Linganisha na jambo lililotokea hapahapa Mwanza miaka ya baadaye. Mradi wa Mema kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipimwa kwa makini isiyo ya kawaida: jamii 20, vijana zaidi ya 9,000, nusu ya jamii zikipata mafunzo ya afya ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo vya afya na uhamasishaji mitaani, nusu nyingine zikisubiri. Matokeo yake kila mtengeneza filamu angepaswa kuyajua. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na majibu yao kwenye madodoso yalibadilika. Vipimo vya damu havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yamepungua. Walipopimwa tena miaka kadhaa baadaye, hali ilikuwa ileile.

Sisemi elimu haina kazi. Ninachosema ni kwamba kati ya kujua na kuwa salama kuna daraja, na daraja hilo lina nguzo nyingi: kipato, umri, nani mwenye sauti ndani ya nyumba, kituo cha afya kiko umbali gani. Filamu inaweza kusimamisha nguzo moja, kwa hiyo ni lazima useme ni ipi.

Kichocho chenyewe ni mfano mzuri kwa sababu kinazihitaji kazi zote tatu, kila moja mahali pake.

Usukumani bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kilichozoeleka ni kichocho cha mkojo, na dalili yake ni damu kwenye mkojo. Mwambao wa ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi, konokono wanaokibeba ni wa aina nyingine, na madhara yake hujificha kwa miaka. Mayai yanayonasa kwenye ini hulitia makovu, damu inakosa njia, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mtu aliyekuwa akivuta nyavu anaanza kutapika damu. Mvuvi anaposema "mimi sikojoi damu, kwa hiyo sina kichocho", usimwite mjinga. Anarudia sawasawa alichofundishwa, ila alifundishwa habari za kichocho kingine. Na pale tumbo linapojaa maji na watu wakaanza kunong'ona kwamba fulani kalogwa, ni kwa sababu maelezo sahihi hayakufika mapema. Hapa filamu ya kufahamisha ina kazi ya kweli, na dakika 4 zinatosha.

Nenda kwenye dawa. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga iliyoingia mwilini majuzi huponyoka, na anayerudi majini huambukizwa upya, kwa hiyo dawa inabidi irudiwe. Tena ina maudhi: kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kukata, hasa kwa mwenye minyoo mingi aliyemeza bila kula. Watengeneza filamu wengi huyaficha haya wasije wakawatisha watu. Naona ni kosa kubwa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, watoto walipopewa dawa shuleni na baadhi yao wakajisikia vibaya, tetesi zilienea kwamba wanakufa. Wazazi wakakimbilia shuleni, na ghasia zikazuka. Mzazi aliyeambiwa mapema "mwanao anaweza kuona kizunguzungu, mpe uji kwanza, na kitapita" ana cha kushika mtoto anapotapika. Mzazi aliyeambiwa kwamba dawa haina shida yoyote anakuwa ameshadanganywa, na anajua. Kwenye filamu zetu sasa tunamwonyesha mtoto halisi akilalamika tumbo, mama yake akiwa pembeni, na tunabaki na kamera mpaka amesimama na kwenda kucheza. Ni picha ndefu, inachosha kidogo wakati wa kuhariri, na hatuikati.

Kisha kuna swali la nani anapewa dawa. Kwa miaka mingi kampeni za kumezesha dawa zimeegemea watoto wa shule, na ni sawa kuwaanza wao. Lakini anayesimama kwenye maji mpaka kiunoni kila alfajiri ni mtu mzima, na anayebebwa mgongoni na mama anayeosha vyombo ziwani hajafikia umri wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza, kwenye maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kwa kila mwenye umri wa miaka 2 na kuendelea, watu wazima wakiwemo. Ukitaka filamu kuhusu hilo, usipoteze muda kuionyesha mwaloni peke yake. Mpelekee mganga mkuu wa wilaya. Wapelekee wanaopanga dawa ngapi zipande kivuko na ziende kisiwa gani.

Baada ya usiku ule wa swali la mama, nilirudi kisiwani bila kamera, nikakaa siku 6. Nilifanya kile ambacho nilipaswa kufanya mwanzoni: kuamka na watu. Mitumbwi ya dagaa hurudi kuanzia saa 11 alfajiri. Vijana wamekesha ziwani na taa, wana baridi, wana njaa, na miili inadai haja zake. Choo cha mwalo kipo. Kimejengwa kwa matofali, kimepakwa rangi, kina tangi la maji. Kinafunguliwa saa 2 asubuhi, mhudumu anapofika na ufunguo, kwa shilingi 200. Saa 11 mpaka saa 2 mlango una kufuli, na magugu ya ufukweni hayana kufuli. Konokono wako hapohapo kwenye magugu.

Choo kile kilikuwemo kwenye filamu yetu ya kwanza. Kilionekana kwa sekunde 4, mchana, mlango ukiwa wazi, kama alama ya maendeleo.

Tulitengeneza filamu nyingine. Dakika 6, bila daktari, bila msimulizi. Inaanza gizani na sauti ya kasia, inafuata kijana mmoja tangu anaposhuka mtumbwini mpaka anapofika mlangoni, inakaa kwenye kufuli, inageuka nyuma kuelekea ziwani. Sura yake haionekani popote. Hatukuionyesha kwenye shuka. Tuliionyesha kwa kompyuta ndogo kwa watu wasiozidi 12: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, afisa afya wa kata, na mhudumu wa choo mwenyewe, ambaye tulimwonyesha kwanza peke yake ili asivamiwe mbele za watu. Ombi lilikuwa moja: ufunguo wa pili. Walibishana karibu saa nzima juu ya nani atamlipa nani, jambo ambalo ni la haki kubishaniwa, na mwishowe mlinzi wa usiku wa BMU akapewa ufunguo. Ndiyo matokeo yote, na sitayakuza. Kichocho hakikuisha kisiwani. Lakini filamu ilipata mtu ambaye ndani ya mkono wake kulikuwa na kitu cha kutoa.

Mwanza imekwishaona pia upande wa pili wa jambo hili: filamu yenye nguvu kubwa iliyotoka bila ombi. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa mjini: sangara, viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo, makahaba, watoto wa mitaani, mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani, yakianikwa kwenye matope. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, na watu waliandamana Mwanza kuipinga. Ubishi mkubwa ulihusu dokezo lake kwamba ndege zinazochukua samaki huleta silaha. Mbinu ya filamu ile ni kuweka picha moja kando ya nyingine na kumwachia mtazamaji aunganishe. Kama sanaa ni mbinu halali kabisa, na umaskini iliouonyesha haukuwa wa kutungwa. Wazee wa Kirumba na Igogo, hapa mjini, wanajua. Ila kampeni ikitumia dokezo mahali pa ushahidi, anayepingwa hupata pa kutokea: atajibu lile dokezo tu, na mengine yote uliyoyaonyesha kwa haki yatafunikwa pamoja nalo.

Jambo la pili linanigusa zaidi. Filamu ile haikusema inataka nini kifanyike, na Ulaya ukazuka mjadala wa kususia sangara. Mwanza tulikwishajua maana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1999 kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Bei ilianguka mwaloni, na viwandani kazi zikasimama. Mtazamaji wa mbali aliyeumia moyoni hutafuta la kufanya, na usipompa la kufanya atashika lililo karibu naye: kuacha kununua. Mchuuzi wa mapanki ndiye atakayelipa.

Ndiyo maana siku hizi, kabla hatujawasha kamera, tunaandika sentensi moja ukutani: nani afanye nini, kabla ya lini. Tukishindwa kuiandika, hatuendi. Hiyo "lini" si pambo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na mipango ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Filamu ya kudai kisima ikionyeshwa mwezi Mei inawakuta madiwani wameshafunga bajeti. Watasikitika nawe kwa dhati na hawatakuwa na senti.

Hata mwezi wa angani una neno lake. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza, taa zao zinapowavuta samaki, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Ukipanga maonyesho usiku wa giza kwa sababu picha itang'aa kwenye shuka, utapata watoto na bibi zao. Sisi huonyesha mbalamwezi. Picha inafifia kidogo, lakini wavuvi wapo. Na baada ya picha tunaacha muda mrefu kuliko filamu yenyewe, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, Kikerewe au Kijita au Kisukuma. Mzee aliyenyamaza kwa Kiswahili mara nyingi ana mengi kwa lugha yake.

Kuhusu vibali sitachukua nafasi. Bodi ya Filamu ipo kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na barua ya kujitambulisha kwa mtendaji na kwa uongozi wa mwalo ni ya lazima hata pale sheria isipoitaja. Kwenye kituo cha afya usiingie na kamera kwa ruhusa ya mlangoni.

Ridhaa ndiyo inayoninyima usingizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazipa taarifa za afya uzito wa pekee, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu. Lakini sheria inasoma karatasi, na karatasi ni rahisi kupata. Mgonjwa aliyelala kitandani, mbele yake wamesimama muuguzi, mwenyekiti na vijana watatu na vifaa, atatia dole gumba popote utakapomwonyesha. Amekubali kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu kwa wageni. Ridhaa ya kweli inahitaji ajue picha itaishi wapi. Siku hizi namwonyesha simu: "Mama, kipande kama hiki kinaweza kufika kwenye simu ya jirani yako, ya mkweo, ya mwalimu wa mwanao. Nikishakiachia sina uwezo wa kukirudisha." Kisha naondoka. Nakuja kesho yake, peke yangu, bila kamera, kuuliza upya. Karibu theluthi ya waliokubali siku ya kwanza hukataa siku ya pili, na nimejifunza kuwashukuru. Nawafidia muda wao, maana mama anayegeuza dagaa akipoteza asubuhi amepoteza kipato, lakini silipii kisa cha ugonjwa. Ukikilipia, kitarefuka.

Sura ya mtoto mgonjwa sipigi tena. Najua ndiyo inayotoa machozi, na najua wafadhili huiomba. Miaka 10 ijayo mtoto yule atakuwa kijana anayetafuta mchumba, na filamu itakuwa bado ipo.

Sasa tunahariri ya tatu, inayojibu swali la kuoga. Sentensi ya ukutani inasema: halmashauri itenge fedha za kisima kirefu na mabafu mwaloni kwenye bajeti ijayo, kabla vikao havijafungwa. Mhusika mkuu ni yule mama aliyetuuliza. Tulipima naye, kwa hatua zake mwenyewe, njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka bomba la karibu, dumu la lita 20 kichwani, kwenda na kurudi, bila kukata picha. Juma lililopita nilimpelekea nakala ya kwanza. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda, akaangalia mpaka mwisho kwenye simu yake huku akigeuza dagaa kwa mkono mmoja. Aliangalia mara mbili. Akasema pale binti yake anapopita nyuma akiwa amejifunga kanga tu paondoke, na pale yeye anapopumzika njiani na kutukana jua pabaki, waheshimiwa wamsikie. Nilipoondoa kipande cha binti, hesabu ya hatua ilikatika katikati, kwa hiyo kesho kutwa tunarudi kuitembea njia yote upya.